Wanawake wakati wa vita: kazi wanakabidhiwa, mamlaka hawakabidhiwi

Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, vita vya mashariki mwa Kongo vimekuwa mazungumzo ya kawaida katika mialo ya samaki ya Mwanza, na si kwa udadisi mtupu, kwa sababu wanunuzi wa Kongo ni miongoni mwa wateja wa dagaa wanaopakiwa katika soko la Kirumba Mwaloni, na njia ikifungwa kule mzigo hulala huku. Katika mazungumzo hayo kuna kauli mbili zinazojirudia. Ya kwanza, inayosemwa zaidi na watu wazima, ni kwamba vita ni shughuli ya wanaume na kwamba wanawake na watoto ni watu wa kukimbizwa tu. Ya pili, inayosemwa zaidi na vijana, ni kwamba habari hizo zimepitwa na wakati: wanawake siku hizi wamo jeshini, wanashika bunduki, na vita vikipita mahali huubomoa mfumo dume haraka kuliko semina yoyote. Kila kauli imeshika kipande cha ukweli, na kila moja inapotosha kwa namna yake.

Ni vizuri kuweka maana sawa kabla ya kwenda mbali. Mfumo dume, katika makala hii, ni mpangilio wa jamii ambamo ardhi, mifugo, jina la ukoo na neno la mwisho hupita mikononi mwa wanaume, na mwanamke huvifikia vitu hivyo kwa kupitia mwanamume fulani: baba, mume, kaka au mtoto wa kiume. Hiyo haina maana kwamba kila mwanamume ana nguvu. Kijana asiye na ng'ombe wa kuolea wala shamba lake ni mdogo mbele ya baba na ami zake, na mara nyingi ndiye anayetangulizwa vitani huku akiambiwa kwamba mwanamume hakimbii. Wala haina maana kwamba wanawake hawana ushawishi, kwani kila aliyekulia katika ukoo mkubwa anaujua uzito wa neno la shangazi. Maana yake ni kwamba ushawishi huo hautambuliwi kama haki. Unaweza kusikilizwa leo na kupuuzwa kesho, na asiwepo wa kuulizwa.

Vita navyo visichukuliwe kuwa ni milio ya risasi peke yake. Kuna miezi ya maandalizi, kuna mapigano, kuna watu kuhama makwao, kuna njaa na maradhi yanayofuata, na kuna miaka ya kurudi na kuanza upya. Mtu akihesabu mapigano tu, ni kweli kwamba wengi aliowakuta ni wanaume. Akihesabu vyote, hesabu inageuka. Jambo la mwisho la kufafanua ni tofauti kati ya jukumu na mamlaka, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Jukumu ni kazi ambayo mtu anatakiwa kuifanya. Mamlaka ni haki ya kuamua juu ya kazi hiyo na juu ya kile inachozalisha. Vita huwapa wanawake majukumu mapya kwa kasi ya kushangaza, na mamlaka huyaacha palepale yalipokuwa.

Anayeishi kandokando ya ziwa hahitaji kwenda mbali kuona jinsi jambo hili linavyowezekana. Usiku wanaume huingia majini na taa zao, asubuhi mitumbwi inarudi imejaa dagaa, na kuanzia pale kazi inahamia kwa wanawake. Wao ndio wanaowapokea kwa ndoo na mabeseni, wanawamwaga juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu au juu ya chanja, wanawageuza, wanafukuza ndege, na jicho moja haliondoki kwenye mawingu, maana mvua ya nusu saa inatosha kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Bila kazi hiyo usiku mzima wa uvuvi ungekuwa umeoza kabla ya adhuhuri. Lakini ukiuliza mwalo una wavuvi wangapi, utatajiwa idadi ya waliomo mitumbwini, na ukiuliza mtumbwi na nyavu ni vya nani, mara nyingi jibu litakuwa jina la mwanamume. Mapigano ni ile sehemu ya mtumbwini. Sehemu iliyobaki ya vita, ambayo bila hiyo mapigano yasingedumu wiki moja, hufanyika ufukweni.

Jeshi lililofanana na kijiji kinachohama

Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka Julai 1916, Waingereza walipouteka mji huo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Habari za vita hivyo husimuliwa kwa majina ya makamanda na ya mahali palipopiganwa. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani hawakutembea peke yao. Walifuatana na wake, watoto na watumishi, kiasi kwamba safu ya jeshi ilipokuwa safarini ilifanana na kijiji kinachohama. Wanawake walitafuta kuni na maji, wakatwanga nafaka, wakapika, wakabeba vyombo na watoto, wakauguza majeruhi, na wapo waliojifungua njiani na kuendelea na safari. Baadhi yao walikuwa wameolewa kwa taratibu zinazojulikana. Wengine walikuwa mateka waliochukuliwa katika vijiji vilivyoshindwa. Maofisa waliliruhusu jambo hilo kwa hesabu zao wenyewe, kwani walijua kwamba askari aliyetengwa na familia yake hutoroka. Kwa mpango huo jeshi lilipata wapishi, wauguzi na wabebaji ambao halikuwaandika popote kama askari.

Katika vijiji vyenyewe mzigo ulikuwa wa namna nyingine. Majeshi ya pande zote yalitegemea wapagazi, kwa kuwa wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo na barabara zilikuwa chache. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliotumika katika Afrika Mashariki wanakadiriwa kukaribia milioni moja, na waliokufa kupita 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Kila mpagazi aliyechukuliwa alikuwa mkulima aliyeacha jembe, na jembe lile lilishikwa na mwanamke ambaye tayari alikuwa na la kwake. Katika Ugogo, ambako majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe na baadaye ukame ukaingia, ilifuata njaa kubwa iliyoitwa Mtunya kati ya 1917 na 1920. Makaburi ya wanajeshi wa vita vile yanatunzwa mpaka leo katika miji kadhaa ya Tanzania. Waliokufa kwa Mtunya hawana makaburi yaliyoandikwa, ingawa walikufa kwa vita vilevile.

Vita vya Kagera viko karibu zaidi na kumbukumbu za watu wa kanda hii. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka, yakaua, yakabaka na kuswaga maelfu ya ng'ombe kuelekea Uganda. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga adui vipo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mwanza ilikuwa nyuma ya uwanja wa mapigano lakini haikuwa nje ya vita. Askari na vifaa vilipita hapa kuelekea upande wa Bukoba, na mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilijaribu kuupiga mji ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambako waliolipa deni la wanasiasa walikuwa wanyamapori.

Ndani ya miezi michache jeshi la Tanzania lilipanuka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa mgambo, yaani wakulima, makarani, walimu na wafanyakazi wa viwandani waliotoka kazini na kuvaa sare. Tuliangalie ongezeko hilo kwa jicho la nyumbani. Makumi ya maelfu ya wanaume waliondoka wakati wa msimu wa kilimo. Katika Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera ambako vita vilianzia, mgawanyo wa kazi ulikuwa unajulikana: kibanja cha migomba na kahawa kilikuwa cha mume na ukoo wake, na mwanamke alilima maharage, karanga na mazao mengine ya msimu, mara nyingi katika maeneo ya nyasi nje ya kibanja. Mume alipokwenda vitani au alipouawa, migomba haikusubiri. Ilihitaji kupunguzwa majani, kutandazwa nyasi na kusimamishwa isianguke na mkungu. Mwanamke alifanya kazi zote mbili. Wakati huohuo kulikuwa na watu waliokimbia kutoka upande wa pili wa mto, makumi ya maelfu, na waliopokelewa na ndugu walihitaji kupikiwa, kutafutiwa mahali pa kulala na, walio wagonjwa, kuuguzwa. Nchi nzima ilichangia vyakula na mifugo kwa ajili ya askari, na michango ya namna hiyo ina historia yake jikoni kabla haijafika kwenye lori.

Kipo kipindi kimoja cha vita hivyo ambacho naona hakijapewa uzito unaostahili, nacho ni kile kilichokuja baada ya ushindi. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na vilikuja wakati mbaya, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1979, na bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Si haki kuvilaumu vita kwa kila kilichofuata. Hata hivyo matokeo yake yalionekana nyumbani kuliko mahali pengine popote: sukari, sabuni, mafuta ya kula, mafuta ya taa na hata kitambaa vikawa vitu vya foleni, na foleni ilihitaji mtu wa kuamka alfajiri na kusimama. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa mama wa nyumba au binti yake. Mshahara wa mume ulipokuwa haumalizi wiki mbili, wanawake wa mijini walianza kupika maandazi na vitumbua, kukaanga samaki, kushona, kufuga kuku uani na kuuza pombe ya kienyeji, na biashara hizo ndizo zilizolipa ada na matibabu katika nyumba nyingi katika miaka ya 1980. Askari walirudi wakapigiwa vigelegele, kama walivyostahili. Waliopiga vigelegele walirudi kwenye foleni, na miezi 18 ilipokwisha foleni ilikuwa bado ipo.

Wanawake walioshika silaha

Hapa kauli ya pili, ile ya vijana, ina ushahidi wa kutosha. Katika Vita vya Majimaji, Nkomanile, kiongozi mwanamke katika Ungoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na viongozi wanaume. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilianzisha Kikosi cha Wanawake mwaka 1967, na mafunzo yake yalifanyika Nachingwea, katika ardhi yetu. Josina Machel, aliyekuwa kati ya viongozi wake, alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji mpaka leo. Nchini Uganda, Proscovia Nalweyiso aliingia msituni na jeshi la NRA, la waasi walioongozwa na Yoweri Museveni, katika miaka ya 1980 na amefikia cheo cha luteni jenerali.

Lakini kuwapo kwa wanawake hao hakuthibitishi kile kinachodaiwa. Mfano unaoeleza zaidi ni wa Eritrea. Katika jeshi la ukombozi la EPLF, karibu theluthi moja ya wapiganaji walikuwa wanawake. Walilala mahandaki yaleyale na wanaume, walipika kwa zamu, walichaguana na kuoana bila kupitia kwa wazazi. Baada ya ushindi wa 1991 waliachiliwa kutoka jeshini kwa maelfu, wakarudi katika miji na vijiji ambako hakuna aliyekuwa amebadilisha kanuni. Ndoa nyingi za msituni zilivunjika, kwa sababu familia za wanaume zilitaka wakwe wa kawaida, na mwanamke aliyejua kuendesha lori na kutengeneza bunduki alijikuta hana cheti, hana shamba na hana mume. Yule aliyekuwa mwenzake handakini naye hakuwa mnyanyasaji kwa hulka. Alirudi mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimemwandalia kiti, wakati yeye dada hakuandaliwa hata kigoda.

Kuhusu Alice Auma, anayejulikana zaidi kwa jina la Lakwena, kuna jambo ambalo halitajwi mara kwa mara. Mwaka 1987 aliongoza maelfu ya wapiganaji kutoka kaskazini mwa Uganda mpaka karibu na Jinja, kwenye ufukwe huuhuu wa ziwa letu, kabla ya kushindwa. Wanaume wenye silaha walimtii mwanamke kijana asiye na cheo. Lakini hawakumtii kama Alice. Walitii roho aliyesemwa kuwa ndani yake, ambayo waliiamini kuwa ya ofisa wa kijeshi wa Kiitaliano. Hata pale ambapo mwanamke aliamuru majeshi, sauti ya amri ilipaswa kuhesabiwa kuwa ya mwanamume.

Dhana ya kwamba wanawake ni wapenda amani kwa asili

Dhana hii inaonekana kuwa sifa, na ndiyo maana inasambaa bila kupingwa. Katika Usukuma, yowe la kuibiwa ng'ombe likipigwa, wanawake nao hulipokea na kulipitisha, na mwanamume asiyetoka hutozwa faini; sauti za wanawake zinazomdhihaki mwoga ni sehemu ya kinachomsukuma atoke. Nyimbo za kumsifu shujaa na kumkejeli aliyerudi bila jeraha zinajulikana katika jamii nyingi. Mwanamke aliyelelewa katika mfumo dume amefundishwa thamani zake kama mwanamume alivyofundishwa, na mara nyingine ndiye mwalimu.

Mfano mzito kuliko yote ulisikilizwa Arusha. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake katika serikali ya Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Juni 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu, akawa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Kifungo chake cha maisha kilipunguzwa mwaka 2015 kuwa miaka 47. Anayesema kwamba nchi ikiongozwa na wanawake haitapigana ana kazi ya kuieleza hukumu hiyo. Hoja ya kutaka wanawake washiriki katika maamuzi ya vita na amani haihitaji kusimama juu ya upole wao. Inatosha kwamba maamuzi hayo yanawahusu.

Mwili wa mwanamke kama uwanja wa vita

Watu wengi huuchukulia ubakaji wa vitani kama ajali, tendo la askari waliokosa nidhamu au waliokaa muda mrefu bila wake zao. Kwa sehemu kubwa sivyo. Katika jamii ambamo heshima ya mwanamke huhesabiwa kuwa mali ya baba, mume na ukoo, kumdhalilisha ni kuwapelekea ujumbe wanaume wake kwamba wameshindwa kulinda. Na pale ambapo mtoto huchukua ukoo wa baba, mimba ya kulazimishwa huonekana kuwa ni kuingiza mbegu ya adui ndani ya ukoo. Kwa hiyo silaha hii hupata makali yake kutoka katika kanuni za jamii ileile inayoshambuliwa. Jeraha la pili, lile la mume kumfukuza mkewe au ukoo kumkataa mtoto, halifanywi na adui. Daktari Denis Mukwege, ambaye hospitali yake ya Panzi huko Bukavu imewatibu wanawake wa aina hiyo kwa maelfu tangu 1999 na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amelazimika kuwa na nyumba za hifadhi na wanasheria pamoja na chumba cha upasuaji, kwa kuwa mgonjwa akipona bado anaulizwa arudi wapi. Wanaume nao hubakwa vitani, na mfumo uleule ndio unaowafunga midomo, kwani mwanamume aliyefanyiwa hivyo huambiwa si mwanamume tena.

Sheria ilichelewa kuliona jambo hili, na lilipoonwa lilionwa hapa Tanzania. Jean-Paul Akayesu alikuwa kiongozi wa wilaya ya Taba nchini Rwanda. Hati ya kwanza ya mashtaka yake Arusha haikutaja ubakaji. Shahidi mmoja alipokuwa akieleza mambo mengine aligusia kilichompata mtoto wake, na jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo, akauliza zaidi; mashahidi wengine wakafuata, na mwaka 1997 mashtaka yakaongezwa. Septemba 2, 1998 mahakama iliamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, uamuzi wa kwanza wa aina yake duniani. Wale mashahidi walikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Kukosekana huko hakuishii mahakamani. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti ziwani, na watu wa pande za magharibi za ziwa wakawa wanaogopa kula samaki. Katika kambi ya Benako chakula kiligawiwa mwanzoni kwa kupitia viongozi wa zamani wa maeneo waliyotoka wakimbizi, karibu wote wanaume, na baadhi yao walikuwa wameshiriki katika mauaji. Waliotafuta kuni, waliochota maji na waliopika walikuwa wanawake. Aliyeamua nani apate magunia mangapi alikuwa mwingine, na mjane asiye na mwanamume wa kumsemea alisimama mwisho wa mstari. Kwenye meza za mazungumzo ya amani hali ni ileile, ndiyo maana Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325 Oktoba 31, 2000 likitaka wanawake washirikishwe. Betty Bigombe, waziri wa Uganda, alikuwa amekwishamfuata kiongozi wa waasi Joseph Kony porini tangu 1993 na 1994 kuzungumzia amani ya kaskazini mwa Uganda, miaka sita kabla ya azimio, kwa hiyo hoja ya kwamba wanawake hawana uzoefu wa kazi hiyo haina miguu.

Baada ya vita, shamba ni la nani?

Mtu anayetaka kujua kama vita vimebadilisha chochote asiangalie picha za wanawake waliovaa sare. Aangalie hati ya shamba. Rwanda ilitoka katika mauaji ya kimbari ikiwa na idadi ya wanawake iliyozidi ya wanaume kwa kiasi kikubwa, na wajane na mabinti yatima walikuwa wakilima mashamba ambayo kimila hayakuwa yao. Mwaka 1999 nchi hiyo ilitunga sheria iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Tunaweza kubishana kuhusu mengine mengi ya Rwanda, lakini hapo jukumu lilifuatwa na mamlaka, na halikufuatwa kwa sababu vita vina wema ndani yake. Lilifuatwa kwa sababu watu walikaa wakaandika kifungu cha sheria.

Kwetu mambo yamekwenda kwa mwendo wa kusuasua. Mwanzoni mwa 1990, Mahakama Kuu hapa Mwanza iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia kisha akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alitaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuliuza, ingawa mwanamume anaweza. Jaji James Mwalusanya alikataa. Alisema kanuni hiyo inawabagua wanawake kinyume cha Katiba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, na mauzo yakabaki halali. Kesi hiyo haikuhusu vita, lakini ilitoka katika mkoa uleule ambao miaka 11 kabla yake wanawake walikuwa wamebaki kuitunza migomba ya watu waliokwenda kupigana, migomba ambayo kwa mila ileile wasingeweza kuiuza hata shina moja la ukoo.

Hukumu ile ilifungua mlango mmoja. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba hazikufutwa, nazo zinasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili kutoka upande wa Shinyanga, walioondolewa katika nyumba za waume zao kwa kanuni hizo, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua lakini ikakataa kuzibatilisha, na rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu. Wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zao na kuitaka irekebishe sheria. Kanuni walizozipinga ndizo zilezile ambazo, mwaka 1979, zilimngoja mjane wa mgambo yeyote aliyetoka kijiji cha Usukuma na asirudi kutoka Uganda, endapo ndugu za marehemu wangeamua kuzitumia.